Ukuta una ukungu baada ya ruzuku ya ECO4

Pole dada. Umeandika kuwa kuta zako za nje zilivishwa tabaka la kuzuia baridi mwaka jana kwa ECO4, mpango wa serikali ya Uingereza wa kupunguza gharama za nishati majumbani, hapo Leicester, na sasa chumba cha mtoto kinanuka unyevu na fundi hapokei simu. Hauko peke yako: ukaguzi wa serikali wa 2025 ulikadiria kuwa 98% ya nyumba zilizovishwa kuta za nje kwa ECO4 na mpango mwenzake zina kasoro.

Usipake rangi juu ya ukungu! Mimi nilipaka, ushahidi ukapotea. Piga picha zenye tarehe, hasa pembeni mwa madirisha, umwandikie fundi barua pepe. Akinyamaza, peleka malalamiko TrustMark, shirika linalosimamia ubora wa kazi hizi, ukishikilia cheti cha dhamana. Marekebisho hayapaswi kukugharimu hata peni, kwa hiyo anayebisha hodi akitaka hela ya "ukaguzi" mfukuze. Mtoto akianza kukohoa, usisubiri ukuta, mpeleke kwa daktari.