Jiko la Umeme Likiangusha Breka, Usikimbilie Breka Kubwa

Mvua za Aprili zilinikuta na gunia la makaa limeisha. Nikalitoa stoo jiko letu la umeme la sahani mbili, lililokaa humo karibu mwaka mzima, nikateleka maharage. Kuzungusha swichi yake tu, nyumba nzima giza. Nikarudisha umeme, ukakatika tena.

Fundi wa kwanza niliyemwita hapa Jinja hakuligusa hata jiko. "Dada, breka yako ndogo. Tuweke ya ampea 32, utulie." Nilikataa, na nakuomba nawe ukatae. Breka, ile swichi inayojikata yenyewe kwenye boksi la umeme, inalinda waya uliomo ukutani. Ukiiweka kubwa na waya ni uleule mwembamba, waya utachemka humo ndani na breka itanyamaza, mpaka uone moshi.

Anza kwa kuangalia ni swichi ipi ya kwenye boksi iliyoanguka, na imeanguka wakati gani wa mapishi. Kwangu ilianguka papo hapo ile pana yenye kitufe cha kujaribia. Hiyo haijali mzigo. Inahisi umeme unaovuja kwenda ardhini, na nyingi za majumbani hukata kwenye miliampea 30. Ingekuwa breka ya kawaida, tena baada ya dakika kadhaa, ningeshuku mzigo. Sahani mbili zenye jumla ya wati 2,500 kwa volti 240 zinakula ampea 10 na ushee. Ongeza birika la wati 2,000 kwenye laini hiyohiyo, unakaribia 19, na breka ya 16 huenda isivumilie muda mrefu. Hapo chemsha chai kwanza, matoke yafuate.

Nikachomoa vitu vingine vyote, nikajaribu sahani moja moja. Ya kushoto ikawaka vizuri. Ya kulia, giza. Fundi wa pili akanieleza kwamba ndani ya koili mna unga unaotenganisha waya wa moto na chuma cha nje, na unga huo hunyonya unyevu jiko likikaa bila kazi, umeme ukavuja. Multimita yake, kipimo cha kawaida cha mafundi wa umeme, haikuona kasoro, maana hupima kwa volti chache. Ilibidi alete mega, kifaa cha kutafuta umeme unaovuja, inayopima kwa volti 500. Tukalianika juani siku mbili, halikupona. Akabadilisha sahani.

Wapo wanaokata waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ili swichi isianguke. Tafadhali sana, usithubutu. Umeme bado umo kwenye chuma, unamsubiri atakayegusa jiko kwa mikono yenye maji, na jikoni kwangu huyo ni binti yangu wa miaka 9.