Begi la safari fupi: mimi nikitoka Mwanza nabeba nini

Safari za siku mbili tatu ndo zinasumbua kupanga. Ile ya mwezi mzima unajua tu unabeba kila kitu, ila hii ya Ijumaa mpaka Jumapili unajaza manguo halafu unafika unagundua dawa ya mtoto imebaki juu ya friji. Mi nakaa Mwanza, nina watoto wawili, na tukipata likizo fupi huwa tunatoka, kwa hiyo haya nayoandika nimeyapitia mwenyewe. Sasa hivi kabla sijagusa nguo hata moja najiuliza vitu viwili: tunapanda nini, na usiku tunalala wapi. Suala la kupendeza linakuja baadae kabisa.

Hili nilijifunza tukienda kisiwani Ukerewe. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu, asubuhi alikunywa uji wa maziwa akashiba vizuri, tukaingia kwenye boti, tulivyofika katikati ya ziwa upepo ukaanza na mawimbi yakaanza, akatapika, akajitapikia yeye na mimi mpaka kwenye viatu. Nguo zetu zote zilikuwa kwenye sanduku na sanduku nilishalikabidhi kwenye mizigo, juu yake wamepanga magunia ya unga na kreti za soda, yaani halitoki mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe, na safari bado zaidi ya saa moja. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akajifungua kanga ya begani akanipa bila kuniuliza chochote, nikamvua mtoto nikamfunga ile kanga, akalala mapajani kwangu mpaka tunafika. Nilivyotaka kumrudishia akasema, "Kaa nayo mama, mtoto atapigwa na upepo." Ninayo mpaka leo. Kila safari ya majini naiweka juu kabisa kwenye begi la mgongoni, pamoja na nguo moja ya kila mtoto, taulo dogo na maji, na hilo begi haliendi kwenye mizigo kwa vyovyote vile.

Na nasema begi la mgongoni kwa makusudi. Lile sanduku la magurudumu Nansio halikunisaidia kitu, tulipanda bodaboda kwenda kijijini kwenye mchanga na kijana wa watu akawa anaendesha huku sanduku liko juu ya tenki, roho yangu ilikuwa mkononi njia nzima. Halafu kwenye boti unatakiwa mikono miwili iwe huru, ushike mtoto, uvae boya na umvalishe na yeye. Sisi wa huku tunakumbuka kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, kwa hiyo nikishakaa tu kitu cha kwanza naangalia maboya yako wapi na kama la mtoto lipo. Vitambulisho, hela kidogo na simu navitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Kitu kingine ni kindoo cha lita tano chenye mfuniko, huwa siachi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, nguo mbichi ukiziweka kwenye ile mifuko mbadala zinalowesha kila kitu, ndo nikaanza kubeba ndoo. Kwenda inabeba chapati na mayai ya kuchemsha, huko tukifika inaoshwa inakuwa ya kuogea watoto, kurudi inabeba nguo mbichi. Ila nguo za kuogelea kwa ajili ya ufukwe wenye matete na maji yaliyotulia naomba uziache nyumbani, konokono wa kichocho wanakaa sehemu kama hizo na vimelea vinapenya kwenye ngozi mtoto akiwa anacheza tu miguu ndani ya maji.

Serengeti ni habari nyingine kabisa. Sisi wa Mwanza tuna bahati, geti la Ndabaka liko barabara ya Musoma, kama kilomita 140 hivi, unaweza ukatoka alfajiri ukarudi jioni. Mara ya kwanza nilivaa jinsi nyeusi na tisheti ya bluu, basi mbung'o walinifuata mimi kwenye gari utadhani wengine hawapo, walining'ata mpaka mkono ukavimba. Dereva ndo akaniambia rangi nyeusi na bluu zinawavuta, na ni kweli, hata mitego yao huwa wanatengeneza kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa hivi familia nzima tunavaa kaki au kijivu, mikono mirefu, na kila mtu na mtandio wa kuziba vumbi. Sweta pia maana asubuhi kunakuwa na baridi. Kitambulisho cha NIDA usisahau, kiingilio cha mzawa na cha mgeni vimepishana mbali sana, na usitegemee kulipa kwa noti pale getini, nenda na kadi au ulizia namna ya kulipia mapema.

Kisiwa cha Saanane sihesabu hata kama safari, kiboti kutoka Capri Point hapa mjini ni dakika chache tu. Maji, kofia, na raba za kukanyagia mawe, ndala zinateleza.

Bukoba wewe beba mwavuli. Hata kama Mwanza jua linawaka na watu wanakushangaa, beba, kule mvua haina cha msimu kama tulivyozoea sisi. Ukienda na meli ya usiku beba jaketi zito na shuka, upepo wa ziwa saa nane usiku si wa mchezo. Kwa basi siku hizi imekuwa rahisi, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, kilomita 3 unavuka kwa dakika chache, ile foleni ya kivuko ambayo ilikuwa inanifanya nibebe chakula cha siku nzima imeisha.

Halafu kijijini. Hapa ndo naona wenzangu wengi wanakosea, wanapanga begi kama wanaenda hotelini. Unaenda kwa bibi Kwimba au Magu, nusu ya begi ni ya wenyeji: sukari, majani ya chai, sabuni za miche, chumvi, na dawa ya kuchua ya bibi. Nguo zako madera mawili na kitenge zinatosha. Beba shuka lako na chandarua, sio kwa dharau, ni kwamba mkifika watu sita kwa mpigo wenyeji wanajinyima vyao wakupe wewe, na malaria kanda yetu hii bado ipo. Panadol na dawa ya kuharisha ziwe mfuko wa nje, usiku umeme umekatika hutaki kuanza kupekua. Tochi pia.

Na tia kiroba kitupu chini ya begi, kimekunjwa. Likizo ya Desemba mama mkubwa alitoka na michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na jogoo mmoja kafungwa miguu, akaviweka mlangoni kimya kimya akaingia ndani kutafuta kamba. Nilikuwa sina pa kuvitia. Akamwaga mahindi yake kwenye beseni ili nipate gunia.