Kwenda inateleza, kurudi inatetemeka

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kongwa. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, akaniachia Honda CG125 ya mwaka 1984 ambayo siiuzi kwa bei yoyote. Jumamosi asubuhi nakuja nayo Dodoma mjini kumwona mama, Jumapili jioni narudi. Wakati wa kuja, mwendo wa 80 inateleza tu. Wakati wa kurudi, 80 hiyo hiyo inatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi, na injini inatoa harufu ya kuungua. Nikishuka 60 mabasi yananipigia honi mgongoni. Mwezi uliopita fundi alibadilisha mnyororo na spoketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo. Mwendo wake hasa ni upi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole kwa kuondokewa na baba. Umefanya vema kutoiuza.

Nianze na kinachokusumbua zaidi. Kutoka Kongwa kuja mjini unaelekea magharibi, na upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki. Asubuhi unakusukuma mgongoni, jioni unakupiga kifuani. Chukua upepo wa kilomita 20 kwa saa na pikipiki iliyo kwenye 70. Ukija mjini, hewa unayoipasua ni kama ya mwendo wa 50. Ukirudi, ni kama ya mwendo wa 90. Na hewa haiongezi uzito wake kidogo kidogo: mwendo ukizidi mara mbili, inakukaba mara nne. Kwa hesabu hiyo, jioni hewa inakuzuia zaidi ya mara tatu kuliko asubuhi, na namba kwenye spidomita ni ile ile. Ongeza kwamba Dodoma iko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,000, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ndiyo maana ile 80 ya jioni inakuunguzia injini.

Kwa hiyo acha kushika namba, shika mkono. Fanya hivi: bandika kipande chembamba cha plasta nyeupe kwenye mpira wa mshiko wa mafuta, na kingine mbele yake kwenye kikasha cha swichi, vikutane ukiwa umefunga mafuta. Zungusha mshiko mpaka mwisho uone plasta imefika wapi, kisha weka alama ya tatu katikati. Alama hiyo ya katikati ndiyo mwendo wako wa safari. Asubuhi itakupa kilomita 70 hadi 75. Jioni, kwa mkono ule ule, huenda ikakupa 60 au 65, nawe ikubali. Ukiona umefungua mpaka mwisho ili tu usipungue, rudisha gia moja, usilazimishe gia ya juu.

Kioo cha pembeni nacho kitakusaidia. Ukiwa barabara tambarare baada ya Buigiri, panda taratibu kutoka 55 huku ukitupia jicho kioo cha kulia. Utafika mahali gari la nyuma linaonekana vizuri hadi taa zake, kisha ukiongeza mwendo kwa kilomita tano tu kwa saa linageuka kivuli kinachocheza. Rudi chini ya hapo. Injini ya silinda moja kama yako haina kitu cha kusawazisha mtikisiko wa pistoni, na mtikisiko huo unapanda haraka kuliko mizunguko yenyewe. Isitoshe, CG hufungua valvu kwa fimbo za kusukuma, si kwa mnyororo wa juu. Honda waliitoa mwaka 1976 wakitaka mashine ya kuvumilia vumbi na matunzo machache, na ndiyo maana bodaboda nyingi za leo zimeiga injini hiyo. Ni mvumilivu, lakini haikuundwa kukimbizwa.

Usiiamini sana spidomita ya miaka arobaini. Pima kwa nguzo za kilomita: ukimaliza kilomita moja kwa sekunde 50 uko kwenye 72, ukitumia sekunde 60 uko kwenye 60 kamili. Mwombe mwenzako aliyepakiwa nyuma ashike saa, wewe angalia barabara.

Sasa spoketi. Hapa nina wasiwasi kweli. Mafundi wengi wamezoea pikipiki za kubeba mizigo na hufunga spoketi ndogo ya mbele ili ivute mlima. Hesabu meno ya mpya na ya zamani. Kama ya zamani ilikuwa na 15 na hii ina 14, kwa mwendo ule ule injini inazunguka zaidi kwa karibu asilimia 7, na mtetemo wako una sababu ya pili. Rudisha idadi ya mwanzo. Usiongeze jino ukidhani utapata mwendo. Upepo wa jioni utakunyang'anya.

Mimi mwenyewe niliwahi kutoka Manyoni na pikipiki ya 125 ya zamani, nikaishikilia 95 ili niwahi mazishi. Karibu na Kintinku tairi la nyuma lilikaza ghafla, nikavuta klachi kabla haijaniangusha. Pistoni ilikuwa imekamata. Nilisukuma mpaka kijijini, na mazishi sikuyawahi. Oili ndani ya injini kama hizi ni karibu lita moja tu, na ndiyo pia inayopoza. Ipime kila Jumamosi kabla hujaondoka.

Mabasi mwisho wake ni 80, kwa hiyo watakupita tu. Usiende pembeni kabisa kwenye mchanga. Kaa katikati ya upande wako wa njia, basi likikaribia legeza mabega na bana tangi kwa magoti. Litakusukuma kwanza, kisha litakuvuta. Vijijini hesabu ni 50, hata upepo ukiwa nyuma.

Jumapili ijayo, ukifika Kongwa na injini ikapoa, fungua plagi. Ikiwa na rangi ya udongo wa chungu, tuko sawa. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inachemka: usiende nayo tena mjini, niandikie na idadi ya meno uliyohesabu.