Jibu: Siku 2 za makumbusho ya historia Washington, mkiwa na mtoto na mama anayeumwa magoti

Mkuu, umesema mna siku 2 Washington katikati ya Julai, mko na mtoto wa miaka 9 na mama yako mzazi anayesumbuliwa na magoti, na orodha yako ina makumbusho 11. Bakiza 3. Yote matatu nitakayokutajia kuingia ni bure, kwa hiyo ukiacha chumba bila kukiona hakuna hela iliyopotea. Kinachoisha pale ni miguu na muda.

Siku ya kwanza ipeni nzima Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi. Ni lile jengo la rangi ya shaba lenye tabaka 3 zinazopanuka kwenda juu, jirani na Mnara wa Washington. Lilifunguliwa Septemba 2016, na David Adjaye, msanifu aliyeongoza ubunifu wake, alizaliwa Dar es Salaam kwa wazazi wa Kighana. Wageni wengi hukwama hapa, wakidhani bure maana yake mlango uko wazi. Lazima uwe na pasi yenye saa ya kuingia, kila mtu na yake, na mtoto naye umhesabu. Pasi hutolewa kwenye tovuti ya makumbusho siku 30 kabla, saa 2 asubuhi ya kule. Wakati mnapojiandikisha Washington iko nyuma yetu kwa saa 7, kwa hiyo ukiwa Dar au Nairobi hakikisha uko mtandaoni saa 9 alasiri. (Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi tofauti ni saa 8, basi inakuwa saa 10.) Ukizikosa, kuna nyingine za siku ileile zinazotoka saa 2:15 asubuhi, na hizo huisha upesi. Chukua ya saa 4 asubuhi, mlango unapofunguliwa. Kwenye pasi itaandikwa 10:00, na kuna watu wetu waliokwisha kuisoma kama saa 10 ya jioni. Jumatatu ikwepe kabisa, maana hufunguliwa saa 6 mchana.

Mkishaingia, msipande juu. Ghorofa za juu zina muziki, michezo na nguo za wasanii, zinavutia sana, na anayeanzia huko hufika kwenye historia yenyewe akiwa hoi. Historia iko chini ya ardhi, ghorofa 3 za kumbi za maonyesho. Mnashuka kwa lifti kubwa ya vioo, na ukutani mnaona miaka ikirudi nyuma kadiri mnavyoshuka, hadi miaka ya 1400. Kisha mnapanda polepole kwa miguu: utumwa hadi 1877, halafu enzi ya ubaguzi hadi 1968, halafu mambo ya baada ya hapo. Tengeni saa 3 hadi 4 kwa sehemu hiyo peke yake. Njia ni ndefu na mahali pa kukaa ni pachache, kwa hiyo mwombeeni mama kiti cha magurudumu mara tu mnapoingia. Huazimwa bure, lakini anayewahi ndiye apataye. Asione aibu, nusu ya wazee mle ndani wamekaa.

Huko chini kabisa muulizieni mhudumu vitu vya São José. Ilikuwa jahazi kubwa la Wareno lililotoka Lisbon mwaka 1794 likiwa na vipande zaidi ya 1,400 vya chuma vya kutumia kama farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Likapakia watu zaidi ya 400 Kisiwa cha Msumbiji, wapelekwe Brazili kuuzwa, likavunjika karibu na Cape Town mwezi Desemba. Zaidi ya 200 walikufa maji, na waliookoka wakauzwa huko huko Cape. Kwa nini farumi nyingi hivyo? Kwa sababu shehena ya watu ni nyepesi kuliko shehena ya bidhaa, na watu hutikisika, basi chombo kiliongezewa chuma tumboni kisilale ubavu. Mtu wa pwani hahitaji kusoma kibao kuelewa hesabu hiyo, na ndiyo maana nakusihi usimame hapo. Wengi wa waliopakiwa inaaminika walikuwa Wamakua, kabila ambalo ndugu zao wako Masasi na Mtwara hadi leo. Ila vitu hivi viliazimwa kutoka Afrika Kusini, na cha kuazima hurudi kwa mwenyewe. Angalia kwenye tovuti kabla ya kusafiri kujua kilichobaki.

Behewa la reli ya Kusini mwa Marekani, lililogawanywa upande wa wazungu na upande wa weusi, nalo msilipite haraka. Lilishushwa kwa winchi mwaka 2013, kisha jengo likajengwa kulizunguka. Linganisheni pande mbili: upande wa weusi choo ni kidogo na hakuna rafu za mizigo juu ya viti. Mtoto wa miaka 9 ataelewa ubaguzi hapo bila hotuba.

Kuhusu mtoto, picha za kikatili zimewekewa fremu nyekundu, kwa hiyo mtangulie hatua chache. Chumba cha jeneza la Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu Mississippi mwaka 1955, mzazi mmoja aingie kwanza kisha muamue. Humo hakuna kupiga picha. Mkimaliza, kaeni kwenye ule ukumbi wa maporomoko ya maji kabla ya kutafuta chakula. Mkahawa wa ndani ni mzuri lakini si rahisi, na foleni yake saa 6 hadi saa 8 mchana ni ndefu.

Siku ya pili ni nyepesi. Asubuhi Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, hatua chache tu kutoka lile la kwanza, hayahitaji pasi. Nendeni moja kwa moja kwenye bendera ya 1814, iliyozaa wimbo wa taifa lao, na kaunta ya chakula ya mji wa Greensboro, iliyokuwa ya wazungu tu, walikokaa wanafunzi 4 weusi Februari 1960 wakakataa kuondoka. Mchana Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kuona Tangazo la Uhuru la 1776. Wino umefifia sana na taa zimepunguzwa kuulinda, hivyo msomeeni mtoto maneno yake hotelini usiku uliotangulia. Pale hatasoma kitu.

Yote matatu hutegemea bajeti ya serikali. Bunge lao likikwama kuipitisha, milango inaweza kufungwa, basi fuatilieni habari wiki ile.

Jioni, joto likipungua, nendeni kwenye sanamu ya Lincoln. Hapafungwi, na Julai jua huzama saa 2 na nusu usiku. Ngazi 18 chini ya sanamu, kwenye jiwe la sakafu, pamechongwa mahali aliposimama Martin Luther King kutoa hotuba yake ya "Nina ndoto" tarehe 28 Agosti 1963. Maandishi ni hafifu na watu huyakanyaga bila kujua, kwa hiyo hesabuni ngazi kutoka juu.