Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuripoti Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa vyuo vikuu yanapotoka, safu hii hupokea barua nyingi za vijana wanaojiandaa kuondoka nyumbani, na nyingine za wazazi wanaowasindikiza. Nimefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na barua tatu nilizozichagua safari hii zinagusa mambo ambayo nimeyaona yakiwaangusha vijana wenye uwezo mzuri kabisa.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20 kutoka Kasulu, Kigoma. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na nimechaguliwa kusomea ualimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bodi ya Mikopo imenipa fedha za kujikimu na sehemu ya ada. Baba ni mkulima na ameuza magunia ya maharage ili nipate nauli na kianzio. Sijawahi kufika Dar es Salaam. Nijiandae vipi? Na je, nitakosea nikiwatumia wadogo zangu sehemu ya bumu, yaani hizo fedha za kujikimu?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera sana. Nitaanza na fedha, kwa sababu ndiko machozi ya wiki za mwanzo yanakotoka. Bumu halikusubiri getini. Bodi humlipa mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa chuoni, na kabla fedha hazijaingia ni lazima chuo kithibitishe majina na wewe mwenyewe usaini, hivyo wiki kadhaa zinaweza kupita ukiwa umefika na huna kitu cha Bodi mkononi. Fedha za maharage ya baba ndizo zitakazokulisha wakati huo. Usizitumie kununulia begi jipya wala viatu vya kuingilia mjini. Shuka, chandarua, ndoo na sahani vichukue nyumbani, maana Dar es Salaam utavinunua kwa fedha ya chakula.

Nyaraka zako zishughulikie ukiwa bado Kasulu. Hakikisha jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana herufi kwa herufi na lile la cheti cha kidato cha nne. Kama linatofautiana, fuatilia marekebisho sasa, kabla hujawa mbali na ofisi za wilaya yako na ndugu wanaoweza kukusaidia. Beba vyeti halisi kwenye mkoba unaoushika mwenyewe, wala si kwenye buti la basi, na nakala zake uziweke mahali pengine. Soma maelekezo ya kujiunga mstari kwa mstari, pamoja na fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo ni nafuu kuijaza katika hospitali ya wilaya kuliko kuhangaika nayo siku ya usajili. Kila malipo, yakiwemo ya bima ya afya, yalipe kwa namba ya kumbukumbu iliyotolewa na chuo chenyewe. Ukiambiwa utume fedha kwenye simu ya mtu ili "akushikie nafasi", huyo ni tapeli, hata kama anaijua namba yako ya udahili.

Basi lako litaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka hapo Mlimani, kampasi kuu ya chuo chako, si mbali sana. Panga safari ili ufike mchana, na usimkabidhi mzigo wako mtu aliyekuita "mdogo wangu" mlangoni mwa basi.

Kuhusu malazi, omba chumba cha chuo mara tu mfumo unapofunguliwa na ulipie ndani ya muda uliowekwa, kwa kuwa vitanda ni vichache kuliko wanafunzi hata baada ya mabweni ya Magufuli kuongezwa mwaka 2017. Ukikosa, utapanga mtaani, labda Sinza, Msewe, Changanyikeni au Mabibo. Huko mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Tafuta wenzako wawili mchangie chumba, kione kwa macho kabla ya kutoa hata shilingi, na andikishaneni mkataba.

Sasa bumu lenyewe. Kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, malipo ya siku 60 ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki sita, kiasi hicho huonekana kikubwa sana wiki ya kwanza, na nimewaona wengi wakikopa nauli ya daladala kabla ya siku ya arobaini. Toa kodi kwanza, kisha nauli na nakala za kusomea, halafu kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki na uwe unachukua cha wiki moja tu. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini ndiyo inayotenganisha anayekula mchana na anayelala njaa wakati wa mitihani.

Kuhusu wadogo zako, sitakuambia usiwatumie, kwa kuwa najua nyumba nyingi ambazo sare za mdogo zimenunuliwa na bumu la dada, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ninachokuomba ni kumweleza baba ukweli kabla hujapanda basi: kwamba fedha hii ni kiasi gani, ni ya siku ngapi, na kwamba ni mkopo ambao ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Wazazi wengi hudhani ni mshahara, kwa sababu hakuna aliyewaeleza, na mtoto huona haya kukataa, hivyo hutuma fedha na kubaki na njaa kimya kimya. Kubalianeni jambo moja dogo utakaloweza, kwa mfano madaftari mwanzoni mwa muhula, na baba awaambie ndugu wengine kwamba huna zaidi ya hapo.

Nimeandika mengi juu ya fedha, lakini jambo ninalolihofia zaidi ni ukimya. Sekondari ya bweni ina kengele: inakuamsha, inakupeleka darasani, na usipoonekana mwalimu wa zamu atakutafuta. Chuo kikuu hakina kengele. Unaweza kukosa vipindi wiki tatu na mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne asijue. Kwa kawaida alama 40 hutokana na kazi za muhula, yaani majaribio, kazi za nyumbani na semina, na 60 mtihani wa mwisho. Kwa hiyo anayengoja "kupiga msuli" wiki mbili za mwisho anakuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya safari. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia katika GPA, yaani wastani wa alama, ya kuhitimu sawa na za mwaka wa mwisho. Upper second, yaani daraja la pili la juu, huanzia 3.5, na anayetamani kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi huhitaji 3.8, ambayo ni vigumu kuifikia ukianza kwa sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwenye akili sana ambaye alikosa jaribio la kwanza na la pili. Nilidhani ni mzembe. Alipokuja ofisini, tayari mwishoni mwa muhula, ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekosa mahali pa kulala, anahama kitanda hadi kitanda kwa wenzake, na alikuwa akiogopa kuniambia. Angekuja wiki ya pili ningempeleka kwa mshauri wa wanafunzi na kumpangia jaribio jingine. Nilijilaumu, na bado najilaumu, kwa kutouliza mimi. Lakini wewe usingoje kuulizwa. Wiki ya kwanza jua ofisi tatu zilipo: ya mshauri wa wanafunzi, ya afisa mikopo na ya mkuu wa idara yako. Ingia, salimia, jitambulishe. Siku ukiwa na shida utakuwa unarudi mahali unapopajua.

Swali: Mwalimu, nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nilisoma shule ya kata huko Sumbawanga, ambako walimu walikuwa wakitufafanulia kwa Kiswahili. Nimefaulu, lakini siwezi kuzungumza Kiingereza. Naogopa kuchekwa kwenye semina. Nifanye nini?

Jibu: Kijana wangu, ukumbi utakaoingia utakuwa umejaa watu wenye hofu kama yako, na wale watakaocheka ni wachache mno. Ulifaulu mitihani iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo lugha ya somo unayo kichwani, kinachokosekana ni mazoezi ya kuitoa mdomoni. Naamini kabisa kwamba kijana anayelielewa jambo kwa Kiswahili hana upungufu wa akili, na kama ningekuwa na mamlaka tungefundisha masomo mengi zaidi kwa lugha hii. Lakini mtihani wako utakuja kwa Kiingereza, na ni lazima nikusaidie kwa hali ilivyo.

Usiku wa kabla ya kipindi, soma kurasa chache za mada na uandike istilahi kumi usizozijua. Mhadhiri atakapozitamka utakuwa umeshakutana nazo. Kwenye kikundi cha majadiliano, jadilianeni kwa Kiswahili mpaka muelewe, kisha kila mmoja aandike hoja zilezile kwa Kiingereza na mkosoane. Hapo ndipo wengi hupotea: hujadili kwa Kiswahili, hucheka, hutawanyika, na hakuna aliyeandika. Semina ya kwanza omba kipande kifupi cha kuwasilisha, cha dakika mbili, na ukifanyie mazoezi kwa sauti chumbani mbele ya mwenzako. Kozi ya Stadi za Mawasiliano, ambayo wengi huidharau kwa kuwa si ya fani yao, wewe iheshimu kuliko zote muhula huo. Na desa za waliotangulia, yaani maswali na majibu yao ya zamani, zitumie kujipima baada ya kusoma, kwa sababu anayekariri desa hujibu swali la mwaka jana.

Swali: Salaam Mwalimu. Mimi ni mama kutoka Tanga. Binti yangu wa kwanza anakwenda chuo cha mbali, na nimesikia habari za wahadhiri wanaowataka wanafunzi kimapenzi ili wawafaulishe. Sijui nimwambie nini bila kumtisha, na sijui kama niwe nampigia simu kila siku.

Jibu: Salaam, mama. Hofu yako ina msingi, na sitaipunguza kwa maneno matamu. Wahadhiri wengi wanafanya kazi yao kwa heshima, lakini wapo wanaotumia alama kama chambo, na nimewahi kuketi na msichana aliyekuwa akilia kwa sababu hiyo. Mwambie binti yako jina halisi la jambo hili: ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja kuwa kosa la jinai. Akilijua hilo, hatadhani kwamba ni bahati mbaya yake au kwamba amejitakia.

Mweleze pia hatua. Ahifadhi kila ujumbe wa simu, asifute hata kwa hasira. Akiitwa ofisini saa zisizo za kazi, au nje ya chuo, aende na mwenzake au asiende kabisa. Atunze majaribio yake yote yaliyosahihishwa, kwa sababu alama zikipotea ghafla yatakuwa ushahidi, na afahamu kwamba kila chuo kina utaratibu wa kukata rufaa ya matokeo. Aulize mapema Dawati la Jinsia la chuo chake liko wapi, na aiweke kwenye simu namba 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambayo haitozwi.

Lakini yote hayo yatategemea kama anaweza kukuambia wewe kwanza. Nimewasikia wasichana wakisema waliogopa nyumbani kuliko walivyomwogopa mhadhiri, kwa sababu walijua swali la kwanza litakuwa "ulivaa nini?" au "ulifuata nini huko?" Kabla hajaondoka, mwambie kwa kinywa chako kwamba siku akikupigia na jambo kama hilo hutamuuliza maswali hayo. Simu ya kila siku si lazima, kwani ataanza kuijibu kwa "niko salama, mama" na kukata. Chagueni jioni moja au mbili za wiki, kisha muulize mambo madogo: anakaa chumba kimoja na nani, amekula nini, kipindi gani kinamshinda. Mengine atayasema mwenyewe.