"Acha" iliyoangusha mlingoti

Mhariri, wiki hii mmeuliza "uongozi ulijifunzia wapi?" Naona wenzangu wanataja wazazi na wachungaji, sawa, ila mimi alonifundisha ni mlingoti wa bendera, tena kwa kuanguka.

Nilikuwa Senior 2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, hapa Tororo, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, skauti, kiongozi wa patroli (kikundi kidogo cha skauti) ya watu nane. Kwenye kambi tukapewa kazi ya payonia, yaani kujenga kwa miti na kamba, hakuna msumari hata mmoja. Nguzo za kalitunsi (mkaratusi), kamba za katani, na masaa mawili, msimamishe mlingoti wa futi 25 hivi, wenye mti mmoja wa kukingama huko juu. Mafundo hayakutusumbua. Lashingi ya mraba, ile ya kufunga miti miwili iliyokingamana, unaanza na klovu hichi, fundo la kushika kamba kwenye mti, unazungusha mara tatu, halafu unapitisha kamba katikati ya miti mara mbili ukikaza mpaka inalia, unamaliza na klovu hichi ingine. Hiyo ya katikati ndo watu wanairuka na ndo maana vitu vyao vinacheza, hata mafundi wa jukwaa huku mjini nawaonaga wanairuka.

Shida ilianza kwenye kuinua. Wawili mbele wanavuta, mmoja nyuma anaachia kamba yake polepole ili mti usipitilize, mmoja mmoja pembeni wa kuzuia usiyumbe, wawili wamekanyaga kitako kwenye shimo. Hesabu hapo ni saba, wa nane ni mimi, na mimi kwa ujuaji wangu nikaenda kusaidia kuvuta mbele, eti kiongozi lazima aonekane anatoka jasho. Lugha sasa: Wateso wawili, Wajapadhola watatu, Msamia, Mganda wa kutoka Mukono, basi tunaongea Kiswahili maana ndo kinatuunganisha sisi wa mpakani (najua Kampala bado kuna watu wakisikia Kiswahili wanafikiria jeshi, shauri yao).

Mti ukafika karibu wima, nikaona inatosha, nikapiga kelele "ACHA!"

Mimi nilimaanisha acheni kuvuta. Wa mbele wenzangu wakaacha kuvuta, sawa kabisa. Wa nyuma naye akaacha, akaacha kamba! Banange, ule mti ulipita katikati yetu ukaenda kulala juu ya sufuria ya maharage ya patroli jirani, mtu hakuumia ila yale maharage tulilipa kwa kuosha vyombo vyao mpaka kambi inaisha.

Mi nikaanza kumfokea yule wa nyuma. Skautimasta, mlezi wetu wa skauti, hakunitetea wala hakugomba, akatupanga mstari akauliza kila mtu, ulisikia nini na ukaelewa nini. Wanne wakasema acha kuvuta, wawili wakasema achia kamba, mmoja wa kwenye shimo akasema hakusikia kitu maana mgongo wangu ulikuwa umemgeukia. Nikaona aibu. Yule kijana alifanya nilichosema, tena haraka kuliko wote.

Tukarudia. Safari hii skautimasta akaniweka hatua kama kumi kutoka kwenye mti, mikono nyuma, marufuku kugusa kamba. Unajua ilivyo ngumu? Unaona mwenzako anateleza na huendi. Lakini kutoka pale ndo niliona kwa mara ya kwanza kamba zote nne kwa pamoja, nikaona wa kulia analegea kabla mti haujayumba. Tukakubaliana maneno matatu tu: vuta, legeza, shika. "Acha" tukaifuta. Na kabla ya neno unataja mtu, "nyuma, legeza!", na yeye anajibu "nyuma nalegeza" ndipo anafanya, hapo hata wa kwenye shimo anajua kinachoendelea. Na yeyote akiona hatari anaruhusiwa kusema "shika", hata yule mdogo kabisa, na wote tunaganda. Mlingoti ukasimama ndani ya dakika chache, ila haukuwa umenyooka sana.

Skautimasta alipenda kutukumbusha kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1907 pale kisiwa cha Brownsea, Uingereza, aliwagawa wale vijana kwenye patroli ndogo zenye kiongozi kijana mwenzao, hakuwaongoza wote yeye mwenyewe kwa filimbi. Kwangu ilikuwa stori tu mpaka siku ile ya maharage.

Sasa hivi nasimamia vijana wa kupakua mizigo Malaba, mji wa mpakani. Mgeni akija, kabla hajashika gunia, namwambia hapa hatusemi "acha". Wananicheka, wananiita Bwana Shika.