Ukaguzi wa ukuta wa bahari: anzeni mgongoni na miguuni

Ninyi mnaoanza kazi za ujenzi wa pwani, nawaandikia kuhusu kosa nililofanya siku yangu ya kwanza ya ukaguzi. Nilishinda nikipima nyufa za uso wa ukuta, naandika urefu na upana, napiga picha. Fundi mmoja mzee akaniangalia weee, mwishowe akasema, "Mwanangu, kesho maji yakipwa, njoo na mtaimbo." Alfajiri akauchomeka kwenye udongo nyuma ya ukuta, ukazama karibu wote. Ndani palikuwa patupu. Mchanga ulikuwa umenyonywa miaka na miaka kupitia viungo vya zege, na juu yake watu wanapita kila siku.

Pwani yetu hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Bahari inaposhuka, maji yaliyonaswa nyuma ya ukuta huchelewa kutoka, yakabaki juu kuliko ya mbele, yakawa yanausukuma ukuta kuelekea baharini. Yakipata upenyo hutoka na mchanga. Kwa hiyo matundu ya kutolea maji yasizibwe, na nyuma yake pawe na kitambaa cha kuchujia na kokoto zilizopangwa kwa ukubwa. Mkandarasi akitaka kubana gharama, hapo ndipo anapoanzia, kwa sababu hapaonekani. Simameni hapo hapo mpaka kazi iishe. Na mbele, wimbi likirudi hukwangua mchanga wa miguuni. Kumbukeni pia kwamba wimbi lenye kimo cha mita 2 lina nishati mara nne ya lile la mita 1.

Tetemeko nalo hupitia mlango uleule, yaani udongo. Tarehe 17 Januari 1995, kuta nyingi za gati za bandari ya Kobe, Japani, zilisogea baharini kwa wastani wa mita 3 hivi, nyingine hadi 5, zikazama mita 1 hadi 2. Masanduku makubwa ya zege yaliyounda kuta hizo yenyewe hayakuvunjika. Kilichowaangusha wajenzi ni udongo. Tope laini la chini ya bahari lilikuwa limechimbwa na kujazwa mchanga wa mawe ya matale (graniti) yaliyooza, mchanga ambao haukushindiliwa vya kutosha. Mchanga uliolegea na kujaa maji ukitikiswa, chembe zake hukosa kushikana, ukawa kama uji. Zege lako liwe imara kiasi gani, juu ya uji litasogea tu.

Tukio lililonifundisha zaidi ni la Machi 11, 2011, kaskazini-mashariki mwa Japani, kwa sababu mambo yalifuatana. Kwanza tetemeko la ukubwa wa 9. Ardhi yenyewe ikashuka, na rasi ya Oshika ikazama kama mita 1.2, maana yake ukuta wa hapo ulipungua kimo kabla wimbi halijafika. Kisha tsunami. Hii haipigi na kurudi kwa sekunde kadhaa kama mawimbi ya kusi. Ni bahari inayopanda na kuendelea kuingia kwa dakika nyingi. Kuta za mji wa Taro, zenye kimo cha mita 10, zilipitwa juu. Kwenye kuta nyingi za pwani ile, maji yaliyomwagikia upande wa nchi kavu yalichimba msingi wa nyuma, ukuta ukaanguka kwa kukosa pa kusimama. Tangu hapo Wajapani hukinga mgongo na miguu ya nyuma kwa zege, ili ukuta hata ukipitwa usibomoke mara moja.

Msiseme hayo ni ya mbali. Agosti 12, 2020 Dar es Salaam ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea baharini, na tsunami ya Desemba 26, 2004 iliua watu hadi huku kwetu.

Mkipewa michoro, ombeni kwanza taarifa za uchunguzi wa udongo, ndipo muutazame ukuta. Mkiambiwa hazipo, andikeni kwa barua kwamba hazipo, na msisaini. Halafu mwambieni mteja ukuta unanunua nini: muda wa kukimbia. Kizuizi cha mawimbi cha Kamaishi, mji wa pwani ileile ya Japani, kilichokamilika 2009 kwenye kina cha mita 63, kilivunjwavunjwa na tsunami ya 2011, lakini wataalamu wa bandari wa Japani walikadiria kwamba kilichelewesha maji kuingia mjini kwa dakika 6. Kwenye mchoro wenu, wekeni pia ngazi na njia ya kukimbilia mlimani.